Magudulia Manne ya Sitti

Juzi Madam, bosi wangu wa zamani wa Uarabuni, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na dakika nzima ya mwanzo ilikuwa pumzi tu. Anavuta, anashikilia, anaachia. Mimi nilikuwa jikoni, kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi sasa hapa Tanga, mkono mmoja umejaa unga, simu nimeiegemeza kwenye kopo la hiliki, nangoja mtu mzima amalize kupumua anieleze alichonacho. Ndipo akasema mama yake amefariki kule Jeddah, baada ya sala ya alasiri, na kwamba kila kitu hurudi kilikotoka bila kulazimishwa. Nikasema inna lillahi, nikanawa mkono, nikakaa juu ya gunia la mchele. Hata kwenye msiba wa mama yake, Madam alianza kwa kunipumulia. Nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikakasirika kwa kuwa nalia, maana wageni wa chumba namba tatu walikuwa wanangoja chapati zao.

Mwaka nilioishi na wale wawili, Madam na mama yake, nilikuwa na miaka arobaini na moja. Watu wengine huumbika wakiwa na ishirini, mimi nilichelewa. Shule niliiacha darasa la sita, na nisidanganye kwamba ni kwa shida ya ada peke yake. Sikuweza kukaa. Nikijua barabara inakwenda mahali, lazima nikaone kuna nini. Nimepika Dar, nimeuza vitenge Tunduma, nimelea watoto wa watu Maskati, na kote huko nilikuwa nimeondoka kabla mkataba haujafika nusu. Kiarabu changu nilikiokota Maskati, majumbani. Kwa hiyo nilipofika Riyadh nilijiona mjuzi. Nilijua namna ya kusema hadhir, yaani ndiyo bosi, na kuendelea na mambo yangu, na nilijua jinsi ya kuhesabu milango ya nyumba siku ya kwanza. Jambo moja tu sikulitarajia: kwamba bosi wangu atakuwa amegundua Wachina.

Ulikuwa mwaka ule ambao wanawake waliruhusiwa kuendesha magari. Madam, mwalimu wa chuo, mtalaka, miaka hamsini na nne, alipata leseni na wiki hiyohiyo akamwachisha kazi dereva. Kumbi za mazoezi za wanawake zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa, naye akajiandikisha kwenye darasa la mwalimu mmoja mwanamke, Mchina wa Malaysia, aliyewafundisha kusogeza mikono polepole kama mtu anayesukuma pazia ndani ya maji. Baada ya mazoezi waliketi wakazungumza kuhusu hekima ya Kichina inayoitwa Tao, yaani Njia. Madam alinihakikishia kwamba si dini, ni namna ya kuishi, na kwamba yeye swala zake ziko palepale. Sikuwa nimeuliza. Alichojifunza jioni nilikitekeleza mimi asubuhi. Jambo moja kwa wakati mmoja: basi redio ikatoka jikoni. Tafuna mara thelathini: basi chakula cha mchana kikaisha saa kumi. Ukiosha kikombe, osha kikombe. Alisimama nyuma yangu kwenye sinki akaniambia kwamba akili yangu haiko kwenye kikombe. Nikamwambia Madam, kuna vikombe kumi na sita na sufuria ya wali imeungua chini, akili yangu iko kwenye sufuria. Akatabasamu kwa huruma, tabasamu lile lile la walimu wangu wa darasa la sita. Fundisho kubwa lilikuwa kutolazimisha: mtu aache mambo yajifanye yenyewe. Nyumbani kwa Madam mambo yalijifanya yenyewe kweli, na yalipojifanya yalikuwa na mikono yangu.

Mama yake tulimwita Sitti, kama Wahijazi, watu wa upande wa Jeddah, wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwanamke mdogo, mweupe wa nywele, mkali wa macho, aliyeletwa Riyadh kutoka Jeddah baada ya kuanguka bafuni. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Alijua ya zamani yote, ya asubuhi hakuyajua. Lakini alikuwa na kazi yake moja ambayo mikono iliikumbuka hata yeye alipoisahau. Kila siku baada ya kifungua kinywa aliketi karibu na dirisha la jikoni na chetezo chenye makaa mawili, akatupia chembe za ubani wa mastaka, akafunika moshi kwa gudulia la udongo lililopinduliwa, akangoja lijae. Kisha lingine, mpaka manne. Ndipo maji yakatiwa ndani, yakafunikwa kwa kitambaa cheupe, na hayo ndiyo maji ya kunywa siku nzima. Mengine aliyaita maji ya kufulia. Mimi sikuhitaji kuelezwa, kwetu pwani mitungi imefukizwa tangu enzi. Ila kwetu sikuwa mimi niliyesugua masizi shingoni mwa gudulia kwa brashi ya chupa, kila jioni, manne, shingo nyembamba zisizopitisha hata vidole viwili. Nilikuwa nayachukia magudulia yale kuliko kitu chochote katika nyumba ile, na nyumba ile ilikuwa na zulia la sufu nyeupe.

Halafu Madam akasikia kwamba vitu vingi huizuia nyumba kupumua. Tukaanza kuondoa. Makochi yalikwenda, makabati ya vyombo, mapazia, saa ya ukutani, seti tatu za vikombe vya kahawa. Dereva hakuwapo tena, kwa hiyo wa kubeba nilikuwa mimi, kutoka ghorofa ya tatu, na Madam akishikilia mlango wa lifti na kuniambia nishuke na uzito, nisishindane nao. Mchana wa siku ya tatu alitoka kwenda chuoni akaniachia maagizo kwamba yaliyobaki jikoni niyashushe yote, isipokuwa magudulia ya mama. Hayo yabaki. Alisema wazi, na nilisikia wazi. Nilishusha masanduku saba. Safari ya nane mgongo ulikuwa unawaka, nikayatazama yale manne yamejipanga dirishani na masizi ya leo yanayoningoja, nikayatia kwenye mfuko wa taka. Niliyasikia yakivunjika ndani ya pipa la mtaa. Sauti ilinifurahisha, sitaficha.

Jioni Madam akauliza magudulia yako wapi. Sitti alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha pekee kilichobaki. Na mimi, ambaye nilikuwa nimesema uongo wa kila aina kwa waajiri wa nchi tatu na sijawahi kukosa usingizi, nikasema Sitti ameyaangusha. Sitti akanitazama. Nikangoja anikane. Akatazama mikono yake, akaigeuza, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeyavunja?" Madam akambusu kichwani akamwambia si kitu, udongo hurudi kuwa udongo. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kuanzia leo mama asikaribie makaa, mikono imeanza kuchoka, na magudulia mengine hatununui, atajikata. Chetezo nacho kikashuka.

Hapo ndipo Sitti alipoacha kunywa. Si kwa kugoma. Alipokea bilauri, akanusa, akaiweka chini, akasema atakunywa baadaye. Chakula nacho kikafuata, kwa sababu kinywa kikavu hakitaki wali. Mwezi wa kwanza Madam alisema mwili wa mzee hupunguza wenyewe, usiulazimishe. Mwezi wa pili Sitti alizimia akiwa anatia udhu, tukampeleka hospitali, akatundikiwa dripu siku mbili, na daktari akasema kwa lugha nyepesi kwamba mama huyu hana ugonjwa mwingine ila kiu, na safari ijayo figo hazitasubiri. Tulirudi nyumbani na Madam akiwa ameshika bomba la sindano lisilo na sindano, la kumtilia mama maji mdomoni. Nikamwuliza na ile habari ya kutolazimisha je. Akaniambia, "Zuhura, nyamaza." Lilikuwa jambo la kwanza la maana alilosema tangu nimfahamu.

Nilijua tatizo ni nini. Ninaandika haya ili nisijifiche nyuma ya ujinga wa Madam, ambao ulikuwa mkubwa lakini haukuwa na hila. Nilijua tangu wiki ya pili. Siku moja tuliyokwenda soko la Al-Dirah kununua viungo niliponyoka hatua tatu nikanunua mastaka kidogo kwa muuza manukato, nikajaribu kufukiza jagi la plastiki kwenye jiko la gesi. Sitti alionja akatema. Alisema maji yana ladha ya ndoo iliyoungua, na alikuwa sawa. Nikamwomba Madam tununue gudulia moja tu. Akasema moyo unaong'ang'ania ladha ya jana ndio unaozeesha mtu, na zaidi ya hayo atalivunja kama alivyovunja yale. Ili kujibu hilo ningelazimika kukiri. Na kila asubuhi nilipomwogesha, Sitti aliniomba radhi. Alikuwa amesahau jina langu, amesahau mwezi, amesahau kwamba mumewe alikufa, lakini hilo lilikuwa limemkaa. "Nisamehe, binti," alisema, "nilivunja vyombo vya nyumba." Nilimwambia nimekusamehe. Hebu fikiria mtu wa namna gani husema hivyo.

Madam alikuwa na daftari la darasa lake, na kwa kuwa siwezi kuona maandishi nisitake kujua yanasema nini, nililipitisha kwenye simu inifasirie, ukurasa mmoja mmoja, akiwa chuoni. Nilitarajia upuuzi. Nusu ulikuwa upuuzi. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu anayeogopa. Alikuwa ameandika kwamba uzee si kosa, ni mwendo. Kwamba anamtazama mama yake akipungua na hajui kama anatazama kwa utulivu au kwa uvivu. Kwamba anapaka nywele rangi kila Jumatano kisha anawahubiria wenzake kuhusu kukubali mabadiliko. Mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusogeza simu mbali ili nisome, mkono umenyooka kabisa, nikisingizia mwanga. Nilifunga daftari nikiwa na hasira. Ni vigumu kumdharau mtu ukishasoma daftari lake, na mimi nilihitaji sana kumdharau, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kutoroka.

Madam aliamua tumpeleke Sitti Jeddah, kwenye nyumba yake ya zamani, labda hewa ya kwao itamrudishia hamu. Akaamua kuendesha mwenyewe. Safari ambayo watu huimaliza kati ya kifungua kinywa na magharibi ilituchukua siku mbili, maana Madam alikuwa akiendesha kwa kuzingatia. Malori yalitupita yakipiga honi. Alisema barabara si ya kufika, ni ya kuwa ndani yake. Sitti, nyuma, midomo imepasuka, alimwuliza kwa Kihijazi kama gari limeharibika.

Nyumba ilikuwa nyuma ya Sharafiya, mtaa ambao wenyewe wameshauhama na kutuachia sisi wageni: maduka ya simu, ofisi za kutuma pesa, migahawa ya wali wa riali chache. Kesho yake Madam alinituma mkate, na Wanjiku, tuliyekuwa tumepatana kwa simu, alikuwa ananingoja kwenye mgahawa wa Wahabeshi. Wanjiku wa Nakuru tulifika nchi ile kwa ndege moja. Yeye alimtoroka bosi wake mwezi wa nne, sasa alikuwa na chumba mtaa wa Karantina na kazi za kufua za siku kwa siku. Aliniagizia chai bila kuniuliza. Alinieleza kwamba kesho, Ijumaa, saa saba, wanaume wakiwa msikitini, atakuwa na teksi kwenye kona. Nikamweleza habari ya Sitti, nusu yake. Akanisikiliza akichokonoa meno.

"Sasa wewe Zuhura, huyo shosho ni wa kwenu?" akasema. "Utakaa hapo ukimbembeleza maji hadi nawe uzeeke? Ikama, kibali chako cha kuishi, iko kwa madam, pasipoti iko kwa madam, hata akili yako imeshikwa na madam. Kesho saa saba. Usiponiona, ujue nimeshikwa. Nisipokuona, nitajua umekuwa Mchina."

Tulicheka sana. Nilirudi na mkate na nia imara kabisa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimefunga vitu vyangu kwenye mfuko wa saruji, nikauficha nyuma ya mtungi wa gesi. Jiko la nyumba ile lilikuwa kama lilivyoachwa, Madam hakuwa bado amelipumulisha. Nilimwacha Sitti kwenye kiti nikawa natafuta sukari, na niliposikia mlango wa kabati ukilia nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya kabati la chini. Ndani yake kulikuwa na magudulia, matano au sita, yamepinduliwa juu ya gazeti, midomo myeusi. Alishika moja. Akaliinua hadi usoni, akanusa shingo yake, na nikaona koo lake kavu likimeza. Kisha akalirudisha kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akanigeukia.

"Yaweke juu, binti," akasema. "Mbali na mimi. Mimi huvunja vitu."

Sijui saa ilikuwa ngapi. Nilitoka hadi barazani ambako Madam alikuwa anasogeza mikono yake kwenye jua na nikamwambia. Sikupanga maneno, nilisema kama mtu anayetapika: niliyatupa mimi, pipani, kwa uvivu, nikamsingizia mama yako, na tangu siku hiyo ndiyo anakufa kiu. Mikono yake ilibaki hewani. Nilingoja avute pumzi. Hakuvuta. Alivua kandambili akanirushia, ikanipita, akavua ya pili, ikanipata begani, akanitukana kwa Kiarabu ambacho Maskati hawanacho, mimi, mama yangu, meli iliyonileta, na nilikuja kwa ndege. Alisema nimemwibia mama yake mikono. Halafu akakaa chini kwenye vigae, nywele zimemfunika uso, na mizizi yake ilikuwa nyeupe kama ya Sitti. Aliponyanyua uso aliniuliza kwa nini nimesimama.

"Washa makaa," akasema.

Niliwasha. Mastaka ya Al-Dirah bado ilikuwa ndani ya mfuko wangu wa saruji. Nilipouvuta kutoka nyuma ya gesi Madam aliuona, akaelewa. Nilifukiza gudulia la kwanza, nikatia maji, nikafunika. Hatukungoja yapoe. Sitti alipokea kikombe, akanusa, akanywa chote kwa mkupuo mmoja, maji yakimtiririka kidevuni. Madam alikuwa ameziba mdomo. Sitti akapangusa kidevu, akanitazama kwa dharau ya mtu anayejua kazi yake.

"Moshi umezidi," akasema. "Toka hapo."

Akakaa yeye mbele ya chetezo. Saa saba ilipita. Nilisikia honi kwenye kona mara mbili, na ya tatu ndefu.

Madam hakunifukuza. Alisema akinirudisha kwetu nitakuwa nimepata nilichotaka. Sitti alibaki Jeddah na mimi nikabaki naye; Madam alikuja kila Alhamisi mpaka alipopata kazi ya kufundisha kulekule. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Nilidhani kukiri ni mara moja. Nilimwambia Sitti siku ileile kwamba hakuvunja yeye, nilitupa mimi, akashtuka, akanilaani, akanisamehe. Kesho yake asubuhi, nikimwogesha, akaniomba radhi kwa kuvunja vyombo vya nyumba. Nikamweleza upya. Akashtuka upya. Siku nyingine alicheka, siku nyingine alidai nipigwe, siku moja alilia kwa ajili ya magudulia hadi adhuhuri. Kila asubuhi ilinibidi niwe yule mtu tena, na sikuweza kusema kwa kukariri, kwa sababu kila nilipokariri alinishika kidevu akaniambia nitazame nikiwa nasema. Nilichoka. Nilimwambia Madam nimechoka, nikadhani ataniambia kuhusu maji au mianzi. Akasema, "Na mimi nimechoka," akaendelea kumenya kitunguu.

Miezi tisa nilikaa Jeddah, mpaka mkataba ukaisha. Ndio mkataba wa kwanza na wa pekee niliowahi kuumaliza. Siku ya kuondoka Madam alikuwa ameshateremka na begi langu, nami nikapiga magoti mbele ya Sitti, penye chetezo, nikamshika mikono. Nikamwambia kwamba yale magudulia ya Riyadh hakuyavunja yeye. Niliyatupa mimi.

Alichomoa mkono mmoja, akanishika kidevu.

"Najua," akasema. "Uliniambia jana. Na juzi. Huna habari nyingine?"

Nilitaka kumwuliza ni tangu lini anakumbuka, na zile asubuhi zote alizoniacha nianze mwanzo. Chini Madam alikuwa anapiga honi mfululizo, bila subira hata ya senti moja, na Sitti alikuwa ameshainamisha gudulia juu ya moshi, ananiashiria kwa kidole nisogee, namzibia mwanga.